Je, Wajua Msumeno Upi Hufungua Njia Porini?

Dereva wa safari za porini hachagui mti utakaomfungia njia. Katika misitu ya miombo inayotanda Tabora na Katavi, na kusini kuelekea Ruvuma na Lindi, mti huangushwa na upepo wa mvua za kwanza, na mchwa waliokula moyo wa shina miaka na miaka, na moto wa kiangazi uliolamba kisiki upande mmoja, au na tembo aliyetamani majani ya juu. Kila mmoja huacha gogo la namna yake. La tembo ni bichi, limejaa maji, na mara nyingi mizizi ya upande mmoja bado imeng'ang'ania udongo. La moto ni kavu na gumu, na huenda ndani lina uwazi. Juu ya hayo kuna unene, kuna miiba, na kuna saa: jua likiwa limeinama na magari matatu yamesimama nyuma yako, msumeno uliomo kwenye buti ndio utakaoamua kama mtalala kambini au mtalala hapo hapo.

Watu wakienda dukani kununua msumeno wa safari huanza kuuliza nguvu ya injini. Mimi naamini swali hilo lingoje. La kwanza ni jino.

Shina la mti ni mafungu ya nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinazopanda kutoka mizizini kwenda majanini. Anayepasua mbao hufuata urefu wa nyuzi hizo na kuzitenganisha. Anayekatiza gogo ana kazi nyingine kabisa: kila uzi unaopita mbele ya msumeno lazima ukatwe mara mbili, kushoto na kulia mwa mfereji, halafu kijipande kilichobaki katikati kitolewe nje. Kwa hiyo meno ya kupasulia hunolewa ncha bapa ili yafanye kazi ya patasi, na meno ya kukatizia hunolewa ubavuni ili yafanye kazi ya kisu, moja likichanja kushoto, linalofuata likichanja kulia. Ule msumeno mrefu wa wapasua mbao, mmoja amesimama juu ya gogo na mwenzake shimoni, usiuazime kufungulia njia hata ukiukuta kijijini umening'inizwa ukutani. Utararua nyuzi badala ya kuzikata, na mtachoka kabla ya kufika nusu ya gogo.

Ukiutazama msumeno wa kawaida wa kukatizia kwa karibu, ukiwa umeuelekeza usawa wa jicho, utaona meno yake hayakusimama mstari mmoja. Yamepindwa kidogo, moja huku, moja kule. Mpindo huo hufanya mfereji uwe mpana kuliko bamba la msumeno, ili bamba lipite bila kubanwa. Mti mbichi hudai mpindo mkubwa na meno makubwa, kwa kuwa nyuzi zake zenye maji husukumwa pembeni na jino kisha hurudi na kulibana bamba, na unga wake huwa mwingi na mzito. Mti mkavu hudai meno madogo zaidi na mpindo mdogo, maana nyuzi zake ni ngumu na hukatika zikiwa zimesimama. Anayetaka kujua kama jino lake linakata avute mara kadhaa, kisha akinge kiganja chini ya mfereji. Maranda yenye vipande vya kuonekana, vyenye kingo kali, ni habari njema. Vumbi laini linaloingia puani ni jino butu, au jino dogo mno kwa mti ule.

Miti yenyewe hailingani. Mninga hukatika kwa upole, na ukiwa mbichi hutoa utomvu mwekundu unaoganda kwenye meno usipofutwa mapema. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, na tawi lake kavu lenye unene wa mkono wa mtu mzima litakupa kazi kuliko gogo bichi lenye unene maradufu. Mvule huwa na uvimbe mgumu wa chokaa uliojificha ndani ya mbao, matokeo ya madini yanayojikusanya kwenye shina, na msumeno ukigonga hapo meno huvunjika makali bila onyo. Mgunga shina lake linakatika, tatizo ni kulifikia: miiba hukuzuia umbali wa mkono mzima, na hapo msumeno mrefu wenye bamba lililojipinda kidogo, pamoja na glovu za ngozi, hukufaa kuliko mashine yoyote.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengi hulipita dukani bila kuliona: msumeno hukata ukisukumwa au ukivutwa? Msumeno wa seremala tuliouzoea hukata ukisukumwa. Kamba ukiivuta hunyooka, ukiisukuma hujikunja, na bamba la chuma nalo hutii sheria hiyo hiyo. Kwa hiyo msumeno wa kusukuma lazima uwe na bamba nene ili usipinde. Bamba nene hukata mfereji mpana, mfereji mpana ni mbao nyingi zaidi ya kugeuzwa unga, na unga wote huo unalipiwa na bega lako. Msumeno wa kuvuta hunyooshwa na mvuto wenyewe, hivyo unaweza kuwa mwembamba. Mafundi wa Japani walifuata njia hiyo tangu zamani. Katika mji wa Ono, mkoa wa Hyogo, unaojulikana kwa zana za makali, ndiko iliko kampuni iliyoanzishwa mwaka 1919 ambayo leo hutengeneza misumeno ya kukunja ya Silky. Mmoja wa mikubwa yao, Katanaboy, hupatikana ukiwa na bamba la sentimita 50 linalojikunja ndani ya mpini. Siku hizi utaukuta kwenye magari ya safari za nyika katika nchi nyingi, pamoja na kwamba bei yake si ya mchezo.

Meno ya misumeno mingi ya aina hii huchomwa kwa joto kali la ghafla kwenye ncha tu, hivyo ncha huwa ngumu sana wakati bamba lenyewe linabaki na unyumbufu. Makali hudumu muda mrefu. Ila yakiisha, tupa haiwezi kuyanoa. Inateleza juu yake. Dawa ni kubadilisha bamba. Msumeno wa kawaida wa mnadani hufifia mapema lakini fundi yeyote mwenye tupa ya pembe tatu ataurudishia makali chini ya mwembe. Kwa safari ndefu nachagua ule wa ncha zilizochomwa, pamoja na bamba la akiba, kwa sababu jioni kwenye matope si wakati wa kunoa. Na anayetoka kwenye msumeno wa kusukuma lazima ajifunze upya: kwenye kuvuta weka nguvu, kwenye kurudisha acha uelee wenyewe. Bamba hizi nyembamba huvunjwa na watu wanaozisukuma kwa hasira.

Urefu wake upimwe kwa unene wa gogo. Jino linapopita ndani ya mti hubeba unga katika nafasi iliyo kati yake na jino la jirani, na halina pa kuutua mpaka litokee upande wa pili. Msumeno ukiwa mfupi, meno ya katikati hayatoki kamwe. Yanazunguka na unga ule ule na kusugua badala ya kukata. Kanuni inayofaa ni bamba lenye urefu wa karibu mara mbili ya kipenyo cha gogo. Bamba la sentimita 36 litamaliza vizuri matawi na vigogo vya sentimita 15 hadi 18. La sentimita 50 litakufikisha 25. Unene huo unatosha kwa sehemu kubwa ya vizuizi, kwa kuwa mti mkubwa ukilala barabarani, kinachoziba njia mara nyingi ni matagaa yake, na ukishayapogoa gari hupata upenyo.

Msumeno wa upinde, wenye fremu ya bomba la chuma na bamba jembamba lililovutwa kwa nguvu kati ya ncha mbili, ni rafiki wa mfuko. Bamba zake huuzwa kwa aina mbili: zenye meno ya pembe tatu matupu kwa mti mkavu, na zenye jino la pengo kila baada ya meno kadhaa kwa mti mbichi. Hilo la pengo halichanji. Linakwangua na kuzoa vijipande ambavyo wenzake wamekwisha kuvikata pande zote mbili. Nunua zote mbili, hazina uzito. Udhaifu wake ni fremu, ambayo hugota kwenye gome kabla hujafika chini ya gogo nene, na kwenye gari lililojaa haikunjiki.

Kuna pia mnyororo wa mkono, cheni fupi yenye meno na kitanzi kila ncha, unaoenea kwenye mfuko wa koti. Hupitishwa chini ya gogo, watu wawili wakavuta kwa zamu kuelekea juu. Unachosha, lakini una sifa moja ambayo misumeno mingine inaionea wivu: unakata kutoka chini kwenda juu. Umuhimu wa hilo utaonekana tukifika kwenye namna gogo linavyobeba uzito wake.

Kwa magogo makubwa kweli kweli bado kuna msumeno wa kukatizia wa watu wawili, na haujafa kama wengi wanavyodhani. Nchini Marekani, Sheria ya Maeneo ya Nyika ya mwaka 1964 ilipiga marufuku mashine za injini katika maeneo hayo, na vikosi vya Idara ya Misitu vinavyosafisha njia humo hutumia misumeno hiyo hadi leo. Urefu wake ni karibu mita moja na nusu hadi mbili. Mwaka 1977 Warren Miller, aliyefanya kazi na idara hiyo huko Idaho, aliandika mwongozo wa kuinoa ambao bado unasomwa na wanaoitunza. Msumeno wa aina hiyo ukinolewa na mjuzi hautoi unga. Hutoa nyuzi ndefu zilizojikunja, na wavutaji wawili waliozoeana hupita kwenye gogo la sentimita 60 bila kuhema sana. Shida ni kumpata huyo mjuzi. Bila yeye ni chuma kirefu cha kubeba kwenye keria.

Na sasa msumeno wa mnyororo, ambao mafundi wetu huuita chenso. Asili yake inashangaza: mnyororo wenye meno ulitumiwa kwanza na madaktari. Mwishoni mwa karne ya 18 madaktari wawili wa Scotland, John Aitken na James Jeffray, walibuni mnyororo wa kukatia mifupa, na karibu mwaka 1830 Mjerumani Bernhard Heine akatengeneza chombo chake cha mnyororo unaozungushwa kwa mkono. Msitu ulingoja karne nzima. Miaka ya 1920, huko Ujerumani, Andreas Stihl na wenzake walianza kutoa mashine za umeme kisha za petroli, nzito, za kushikwa na watu wawili.

Mashine zile zilikuwa na meno yaliyoigwa kwenye msumeno wa mkono, na yaliisha makali upesi. Aliyebadilisha hali hiyo ni Joseph Buford Cox, mkata miti wa Oregon. Mwaka 1946 alimwona funza wa mende akijipenyeza ndani ya kisiki, akikata mbao kufuata nyuzi na kukatiza nyuzi bila taabu. Cox aliyachunguza mataya yake: mawili, yaliyopinda, moja likikata kushoto, jingine kulia. Akatengeneza viungo vya mnyororo kwa umbo hilo, na mwaka 1947 akafungua kiwanda Portland. Ukiutazama mnyororo wa chenso yoyote leo, jino lililopinda la kushoto likifuatwa na la kulia, unayaona mataya ya funza yule. Mbele ya kila jino kuna kijinundu kifupi kuliko jino kwa takriban nusu milimita au zaidi kidogo. Hicho ndicho kinachopima jino lile mbao kiasi gani. Anayenoa meno miezi mingi bila kukikwangua kijinundu huishia na mnyororo mkali usiokata.

Kwa safari, mashine ndogo ya injini ya sentimita za ujazo 30 hadi 40 yenye bapa la kuongozea mnyororo la sentimita 35 inatosha, kwa kuwa gogo nene kuliko hapo hukatwa kutoka pande mbili. Mnyororo wake hukimbia karibu mita 20 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Petroli yake huchanganywa na oili, kwa kawaida mililita 20 kwa lita moja, na mchanganyiko uliokaa miezi huiziba kabureta. Petroli hiyo isibebwe ndani ya gari pamoja na abiria, maana mvuke wake hauzuiliki. Mchanga ndio adui mkubwa: gogo lililoburutwa kwenye udongo mwekundu lina chembe kwenye gome, na mnyororo ukizigusa, au ukigusa ardhi kwa nusu sekunde, makali yamekwenda. Kwangua gome kwa panga kwanza. Mashine za betri zimekuwa nzuri, hazinuki wala hazipigi kelele zikiwa zimesimama. Betri ya volti 18 yenye ampea-saa 5 ina wati-saa 90 tu, kwa hiyo hesabu matawi mengi au magogo machache, kisha uwe na namna ya kuichaji garini.

Hatari kubwa ya chenso ni ncha. Robo ya juu ya ncha ya bapa ikigusa kitu, mnyororo hauchimbi; unapanda, na mashine nzima huruka kuelekea uso wa aliyeishika kwa kasi ambayo hakuna misuli inayoiwahi. Breki ya mnyororo ipo kwa ajili ya dakika hiyo. Asiyejua kuipima kabla ya kuwasha asiwashe. Suruali ya kinga ina nyuzi ndefu zinazonyofoka na kuujaza mtambo wa mnyororo mpaka usimame, na bila hiyo, pamoja na miwani na viziba masikio, mashine ibaki kwenye boksi. Kama katika msafara wenu hakuna aliyefundishwa kuitumia, ushauri wangu ni wazi: nunueni misumeno miwili ya kuvuta, mshike zamu.

Msumeno wowote utakaouchagua utakutana na gogo lenye nguvu iliyofungwa ndani yake. Zunguka kwanza, uangalie limeegemea wapi. Likiwa limeshikiliwa ncha zote mbili na katikati limening'inia, upande wa juu unabanwa na upande wa chini unavutwa. Ukikata kutoka juu moja kwa moja, mfereji hujifunga na kulimeza bamba. Hapo kata juu karibu theluthi moja, gonga kabari ndogo ya mbao au plastiki, kisha malizia kutoka chini, ambako nyuzi zinataka kuachana zenyewe. Hapa ndipo ule mnyororo wa mkono unapopata heshima yake. Gogo likiwa limeshikwa upande mmoja na upande mwingine uko hewani, mambo hugeuka: anza chini, malizia juu, la sivyo litapasuka kwa urefu na kipande kurudi nyuma. Mti mchanga uliopindwa na kubanwa chini ya shina kubwa usiusogelee kwa pupa, kwani ukikatwa ghafla hupiga kama fimbo. Na mti uliong'oka na mizizi yake umebeba bonge la udongo lenye uzito wa tani. Ukishaondoa shina, bonge hilo laweza kusimama tena shimoni mwake, na ole wa aliyekuwa amekaa nyuma yake. Watoto na watazamaji wakae mbali, upande wa pili wa gari.

Sikiliza pia. Shina lenye uwazi huweza kuwa na nyuki, na mngurumo wa chenso huwaamsha wakiwa na hasira. Katika nchi ya asali kama Tabora, gogo lililoanguka huenda limeshuka na mzinga wa mtu, ambao ni mali yake. Mwite mwenyewe kabla ya kugusa. Ndani ya hifadhi ya taifa usikate chochote kwa uamuzi wako: toa taarifa getini au kwa askari wa zamu, nao watakupa njia nyingine au watatuma watu. Katika misitu ya hifadhi muulize ofisa wa TFS, wakala wa misitu wa Tanzania, na Kenya uulize KFS, shirika la misitu, au KWS, shirika la wanyamapori, kabla hujapakia chenso, maana mashine hiyo ikikutwa kwenye gari lako msituni wewe ndiye utakayedaiwa maelezo.

Ukipewa ruhusa, kata upana wa gari tu, uache mengine kwa wadudu na udongo. Mikato miwili inatosha, na isiwe sambamba. Ilaze kidogo ili kipande cha katikati kiwe kirefu zaidi upande utakakokisukumia. Kikiwa na umbo hilo hutoka kwa miguu ya watu wawili walioketi chini na migongo yao ikiegemea bampa la gari lililozimwa na kupigwa breki. Kikigoma, kifunge mkanda, aliyeshika msumeno asogee kabisa, ndipo winchi ivute. Baada ya hapo futa utomvu kwenye bamba kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, likaushe, lipake oili, ulikunje na kulirudisha pale mkono unapoweza kulifikia bila kushusha mizigo yote, kwa kuwa upepo ulioangusha mti mmoja mara nyingi umeangusha na mwingine mbele.